Maziwa Juu ya Majani ya Maboga

Bustani yangu na ya mzee Fanueli Sichone zilitenganishwa na mfereji mmoja, mwembamba kiasi cha kuuvuka kwa hatua moja. Mimi ni Gwakisa. Nimekulia Vwawa, na nilikuja Chapwa nilipokosa kazi ya kupakua mizigo mpakani. Nilipopewa kile kipande kando ya kijito sikujua hata kupanga matuta. Mzee Fanueli ndiye aliyenionyesha. Hakuwa na maneno mengi. Alichukua jembe mkononi mwangu, akalima tuta moja mpaka mwisho, akanirudishia jembe, akavuka mfereji kurudi kwake.

Alikuwa na miaka sitini na moja wakati huo, mrefu, mwembamba, kofia ya sufu kichwani hata juani. Alilima maboga, si kwa ajili ya boga lenyewe bali majani, kwa sababu kina mama wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka upande wa Zambia, walikuwa wakivuka kuja kuyanunua. Wao huyaita chibwabwa. Alilima pia matango na bilinganya kidogo.

Bondeni watu waliniambia jambo moja juu yake: kwamba hatumii dawa ya dukani hata mazao yakifa. Viwavi aliwaokota kwa vidole. Vidukari aliwapulizia maji ya pilipili kichaa na sabuni ya kipande. Mwaka mmoja kantangaze, yule kiwavi anayetoboa nyanya, ilimaliza nyanya zake zote akiitazama, akang'oa mashina, akapanda maboga mahali pake. Wengine walisema ameingia dini mpya. Mimi niliamini ni ubahili, na niliamini hivyo kwa miaka miwili.

Mwaka wa tatu, mwezi wa saba, baridi ilikuwa kali kuliko kawaida. Asubuhi ukitembea bondeni miguu inakufa ganzi, mchana jua linachoma na vumbi linatimka. Mke wake, mama Nesta, Nesta likiwa jina lake mwenyewe, aliteleza kwenye mawe ya kijitoni akiwa na ndoo, akavunjika mfupa wa paja. Alilazwa wiki tatu. Aliporudi nyumbani alikuwa mtu wa kitandani, na hapo ndipo binti yao Atupele alipokuja kutoka Kamsamba, ambako yeye na mumewe Wilbard wanalima mpunga.

Sikuwa nimewahi kusikia kwamba mzee Fanueli ana mtoto.

Niliona mapema kwamba kati ya baba na binti kuna kitu. Kila saa sita Atupele alileta chakula bustanini, akakiweka juu ya ndoo iliyofunikwa, akageuka kuondoka. Mzee alisema, "Asante, mama." Atupele hakuitikia. Hakuwa mtu wa kiburi. Mimi alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za watoto. Lakini kwa baba yake alipita kama mtu anavyopita mlango uliofungwa.

Wiki ileile maboga yakaanza kuugua. Kwanza madoa meupe kwenye majani ya chini, ya duara, madogo kama ukucha. Mzee alidhani ni vumbi la malori. Alichukua kitambaa chenye maji, akafuta jani moja baada ya jingine, tuta zima. Siku ya tatu madoa yalikuwa palepale, makubwa zaidi. Aliniita nivuke mfereji.

"Hebu gusa," aliniambia.

Niligusa. Kidole kilitoka na unga, laini kama sembe.

"Vumbi haliotei mahali lilipofutwa," alisema.

Bibi shamba wa kata, anayeitwa Ferista, alipita Jumatano. Aliligeuza jani, akaangalia chini yake, akasema huo ni ubwiri unga, ni kuvu, na unapenda hali kama ile ya wakati huo: usiku wa baridi, mchana mkavu, mimea iliyobanana. Alisema duka la pembejeo lina dawa ya salfa.

"Niambie isiyo ya dukani," mzee alisema.

Ferista alimjua. Hakubishana naye. Alimwambia akate majani yaliyoshambuliwa sana ayachome, asiyatupe kwenye mboji. Amwagilie asubuhi, kwenye shina, si juu ya majani. Apunguze mashina ili hewa ipite. "Na kuna maziwa," alisema. "Kikombe kimoja cha maziwa, vikombe tisa vya maji. Uyachuje, unyunyize juani, juu na chini ya jani, kila baada ya siku tano au sita. Hayaponyi jani lililokufa, lakini yanazuia ugonjwa kupanda."

Mzee alikuwa akimsikiliza kwa makini mpaka hapo. Aliposikia maziwa aliinamisha uso. Alimshukuru, akamsindikiza hadi njiani, akarudi, na kwa wiki nzima alifanya yote aliyoambiwa isipokuwa hilo. Alikata majani. Aliyachoma. Alipunguza mashina. Unga ukazidi kupanda, tuta la kwanza likawa jeupe kama lililopakwa chokaa.

Nilimhurumia. Nilikuwa na dawa ya nyanya niliyonunua ng'ambo, kali, yenye harufu ya kuchoma pua. Haikuwa hata dawa ya kuvu, lakini mimi wakati ule dawa kwangu ilikuwa dawa. Nyumbani nilimimina kiasi kwenye chupa ya soda, nikafunga kizibo, nikaenda nayo bondeni.

Mzee alikuwa amechuchumaa kati ya matuta. Atupele ndio kwanza alikuwa anaweka chakula juu ya ndoo.

"Mzee, nimekuletea dawa kidogo," nilisema, nikamnyoshea ile chupa.

Aliitazama. Hakuinuka. Alikaa chini kabisa, pale kwenye udongo uliolowa.

"Imefungwa?" aliuliza.

"Imefungwa."

"Una watoto wangapi vile?"

"Wawili."

"Na chupa hii imetoka nyumbani kwako."

"Ndiyo, mzee."

"Nenda nyumbani sasa hivi, Gwakisa. Angalia ulichomiminia, umekiweka wapi. Usinijibu. Nenda, tutaongea baadaye."

Nilimtazama Atupele. Alikuwa amejifunika mdomo kwa kona ya kitenge, na kabla sijasema neno alikuwa ameshashika njia ya kupanda kilimani, akienda haraka bila kuangalia nyuma.

Nilikwenda. Kikombe cha plastiki nilichopimia kilikuwa dirishani jikoni, kando ya vikombe vya chai. Mwanangu mdogo alikuwa amesimama chini ya dirisha lile akimwita mama yake ampe maji.

Kesho yake asubuhi Atupele alikuja bustanini kabla ya baba yake. Alisimama upande wa pili wa mfereji.

"Kaka Gwakisa, hukujua," alisema. "Sijakuja kukulaumu. Nimekuja ili ujue."

Alinisimulia akiwa amesimama, bila kulia.

Miaka sita iliyopita alikuwa akiishi hapa Chapwa kwa wazazi wake, Wilbard akiwa Kamsamba akijenga nyumba. Walikuwa na mtoto wa kike wa miaka minne, Eva. Asubuhi moja Atupele alikuwa na nguo nyingi za kufua, akamwambia mtoto aende na babu yake bustanini. Wakati huo mzee Fanueli alilima nyanya na kupulizia dawa kama watu wote. Siku ile alikuwa na dawa kwenye chupa ya juisi ya machungwa, kwa sababu muuzaji humpimia mtu kiasi anachotaka katika chombo alichokuja nacho. Aliiweka chini ya beseni mwisho wa tuta, akaenda kijitoni kuchota maji ya kuchanganyia. Ndoo mbili tu. Aliporudi Eva alikuwa ameketi karibu na beseni, kizibo mkononi.

Mzee alimbeba akapanda naye kilimani akikimbia. Bodaboda akapatikana upesi. Lakini watu waliokusanyika walisema mtoto apewe maziwa kwanza, maziwa yanaua sumu, kila mtu alijua hivyo. Atupele akakimbia kutafuta maziwa. Nyumba ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu akapata. Wakamnywesha, mengi yakamwagika kifuani, mtoto hakuwa na nguvu za kumeza. Ndipo wakaenda hospitali.

Eva alifariki kabla ya saa nane mchana.

"Muuguzi alisema sumu haitibiwi kwa maziwa," Atupele aliniambia. "Alisema, mngemleta moja kwa moja. Hakusema kwa ubaya. Lakini mimi ndiye niliyekwenda kuyatafuta."

Baada ya mazishi alihamia Kamsamba. Alimpigia simu mama yake kila Jumapili. Yeye na baba yake hawakuzungumza tena. Mzee Fanueli alimkabidhi bibi shamba wa wakati ule dawa zote zilizobaki, akaacha pia uzee wa kanisa, na tangu siku hiyo hakushika kitu cha dukani chenye kizibo.

Nilimwuliza Atupele kitu kimoja tu, kwa sababu sikujua niulize nini kingine. Nilimwuliza kama mzee anajua habari ya muuguzi.

"Alikuwepo palepale," alisema.

Kisha akaniuliza kama Kashinje bado anauza maziwa. Kashinje ni mama wa Kisukuma aliyetoka mbugani Kamsamba na ng'ombe wake wawili, anakaa juu kidogo ya barabara. Nilimwambia bado yupo. Atupele alipanda njia ya kilimani bila kuniaga.

Aliporudi, mzee alikuwa ameshafika na anakata majani. Nilikuwa napalilia upande wangu. Ningeweza kuondoka, na labda ningepaswa kuondoka, lakini niliogopa kwamba nikitembea nitawakatiza. Walizungumza Kinamwanga, lugha ambayo miaka ya Chapwa imenifundisha kiasi. Yaliyonipita Atupele alinieleza siku nyingine.

"Baba, nimeleta maziwa."

"Nimeyaona."

"Bibi shamba alikuambia unyunyize. Mama ameniambia. Ni siku kumi sasa."

"Siwezi kuyashika, mama."

"Hata mimi nilidhani siwezi. Sijanunua maziwa miaka sita. Wilbard akitaka chai ya maziwa anaenda kunywa kwa jirani." Aliweka kidumu cha maziwa chini, katikati yao. "Nimeyabeba kutoka kwa Kashinje mpaka hapa. Mkono haukuanguka."

Atupele aliendelea.

"Siku ile nilizunguka nyumba tatu. Bodaboda alikuwa anangoja, injini inawaka. Muuguzi aliposema mngemleta moja kwa moja, alinitazama mimi. Na wewe ulikuwepo, hukusema neno. Nikajua unajua kwamba ni mimi niliyechelewesha."

"Muuguzi gani?" mzee aliuliza.

"Baba."

"Sikusikia muuguzi yeyote. Nilikuwa na ile chupa mfukoni mwa koti. Nilipanda nayo kilima, nikapanda nayo pikipiki, nikakaa nayo pale kwenye benchi. Nilikuwa nimeishika tu. Mtu angeweza kuniita jina nisisikie."

Nilikuwa nimeacha kupalilia.

"Miaka hii yote," mzee alisema, "nilijua umeondoka kwa sababu ya chupa."

"Niliondoka kwa sababu ya chupa. Na kwa sababu nilidhani ukinitazama unaona maziwa. Vyote viwili."

"Sijawahi kuyaona hayo kwako. Wewe ulikimbia kumtafutia mtoto dawa, kama watu walivyokuambia. Mimi nilikuwa mtu mzima niliyeweka sumu chini ya beseni. Usiviweke pamoja, Atupele. Mimi sikuviweka pamoja hata siku moja."

Atupele alikaa kwenye ukingo wa tuta. Baada ya kitambo alisema, "Sijakusamehe, baba. Nataka ujue hivyo. Nilikuja kwa ajili ya mama."

"Najua. Wala sijakuomba."

"Kwa nini hukuniomba?"

Mzee alifikiri. "Niliona kuomba ni kukutwika mzigo mwingine. Mtu akiombwa, lazima ajibu."

"Basi niombe. Nitajibu nikiweza."

Mzee Fanueli alivua kofia yake ya sufu. Nilikuwa sijawahi kumwona bila kofia. Nywele zilikuwa zimekwisha katikati. Alipiga magoti, si kama mtu anayeigiza, bali polepole, akiushika udongo kwa mkono mmoja, na akasema jina la mtoto kamili, Eva Wilbard, na akasema alichokifanya tangu kununua dawa mpaka kuweka chupa chini ya beseni, bila kuruka kitu. Kisha akasema, "Naomba unisamehe."

Atupele alilia hapo. Hakumjibu. Lakini alipomaliza kulia alifungua kidumu, akasema, "Jua limetoka. Tuchanganye."

Walipima kwa kikombe cha bati, kimoja cha maziwa kwa tisa vya maji. Walichuja kwa kipande cha kitenge ili mafuta yasizibe tundu la bomba la kunyunyizia. Mzee alikuwa na bomba dogo la mkono ambalo halijawahi kuingia sumu. Atupele aliinua majani, mzee akanyunyiza chini yake, kisha juu, na walikwenda hivyo tuta baada ya tuta. Ilipofika saa sita Atupele alikwenda kumhudumia mama yake, akarudi na chakula. Safari hii alikaa mpaka baba yake alipomaliza kula.

Sitaki kusema kwamba maziwa yalifanya muujiza. Matuta mawili ya kwanza hayakupona. Yalikuwa yamechelewa, majani yalikauka kingo, yakawa ya kahawia, na wakayang'oa yote wakayachoma. Harufu ya maziwa yaliyochacha ilileta nzi na sisimizi, na kina mama wa Nakonde waliuliza kwa nini bustani inanuka mtindi. Mzee aliwaeleza, akawaambia wayaoshe majani vizuri, na wengine hawakurudi. Lakini matuta matano yaliyobaki yalitoa vikonyo vipya visivyo na doa. Maziwa yalipokosekana kwa Kashinje, kwa kuwa ndama mmoja alikuwa anaumwa, Ferista aliwaambia watumie magadi ya kuokea mikate, kijiko cha chai kwa lita moja ya maji na matone ya sabuni. Yalisaidia pia, ingawa siku moja mzee alizidisha kipimo majani yakaungua ncha.

Mwezi wa tisa mama Nesta alianza kutembea kwa magongo. Atupele akajiandaa kurudi Kamsamba kabla ya kazi ya majaruba ya mpunga. Siku ya kuondoka alipita bustanini kuniaga. Baba yake alikuwa amebeba begi lake. Walikuwa wakizungumza habari za mbegu, mambo ya kawaida tu, na Atupele alimwita baba katika kila sentensi ya pili, kama mtu anayejaribu kiatu alichokiacha kwa muda mrefu. Sikumwuliza kama amemsamehe. Mama Nesta aliniambia baadaye kwamba asubuhi ile, mlangoni, Atupele alisema, "Baba, lile uliloniomba, nimekujibu." Mama Nesta alikuwa bado kitandani, alisikia kwa sikio lake. Mzee hakuwahi kuniambia.

Mwezi wa kumi Ferista alikusanya wenye bustani wa bondeni, watu kama ishirini, penye daraja la mbao, akamwomba mzee Fanueli aeleze namna alivyookoa maboga yake. Nilidhani atakataa. Alikuja, akasimama mbele yetu na kofia mkononi.

"Kabla ya maboga nitawaambia habari ya mjukuu wangu," alisema.

Waliokuwa Chapwa miaka ile walijua, lakini hakuna aliyewahi kuisikia kwake. Aliisimulia yote, bila kupandisha sauti. Alisema mtoto akinywa sumu asitafutiwe maziwa wala kitu chochote, apelekwe hospitali saa ileile, na chombo cha sumu kiende naye ili daktari akione. Alisema dawa ikae katika chombo chake ilichotengenezewa, na chombo kifungiwe. Hakumtazama mtu. Mimi nilikuwa naangalia chini. Nyumbani nilikuwa nimeshatengeneza kisanduku chenye kufuli, lakini bado niliiona ile picha ya kikombe dirishani.

Alipomaliza, mama mmoja mwenye bustani ya chini kabisa, mwisho wa bonde, aliinua mkono akauliza kama maziwa ya unga yanafaa, kwa sababu yeye yuko mbali na kwa Kashinje.

Mzee Fanueli alivaa kofia yake. Alisema hajayajaribu, lakini bibi shamba yupo, atamwuliza hapohapo, na kama yanafaa basi wajaribu, yeye na yule mama, kila mmoja kwenye tuta lake moja, waone.